Minyaa Iliyohamishwa

"Na usinitolee macho! Mwanao ndiye aliyempiga mume wangu, mji mzima unajua!"

"Mji gani, Bi Saa? Huu? Juzi tu ulikuwa unauita shamba. Leo umeshakuwa mji kwa sababu umepata la kunisema?"

"Mama Maziwa, chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga tangu Jumatano! Wenyewe umechoka kuchungwa!"

Koplo alitaka kuingia kati. Inspekta akamgusa bega.

"Waache," alisema kwa sauti ya chini. "Wanatufanyia kazi."

Akaegemea boneti ya gari la polisi, akakunja mikono, akasikiliza kama mtu aliyefungulia redio.

Wanawake hao wawili walikuwa wametenganishwa na kichochoro kimoja tu. Upande huu kwa Mama Maziwa, mjane mwenye ng'ombe na mdomo. Upande ule kwa mke wa fundi saa mstaafu aliyeitwa Mzee Saa. Jumatano alfajiri Mzee Saa alikutwa amelala kichochoroni, kichwa kimepasuka. Tangu siku hiyo yuko hospitali. Anafungua macho, anafumba, neno hasemi. Asubuhi ileile Koplo alimkamata mtoto wa Mama Maziwa, mchomeleaji ambaye kila mtu alimwita Fundi Geti. Sasa alikuwa amekaa nyuma ya gari hilohilo, pingu mikononi, akisikiliza mama yake akimpigania. Jumatatu angepelekwa mahakamani. Mzee akifa kabla ya hapo, shitaka lingekuwa la mauaji.

Inspekta, aliyekuwa kwenye kesi nyingine mbali, alikabidhiwa jalada jana tu. Alikuja kupaona mwenyewe.

Mahali penyewe palikuwa hapajaamua pawe nini. Nyumba moja ina ukuta wa tofali na geti jipya la chuma, ya pili yake ina shamba la mahindi. Barabara imeshasawazishwa na greda lakini lami haijafika. Ng'ombe wa Mama Maziwa walikuwa wakijikuna kwenye nguzo za umeme ambazo bado hazijapata nyaya.

"Kila wiki," Bi Saa alikuwa akiwaambia watu waliokusanyika, maana watu walishakusanyika, "kila wiki huyo kijana anakuja kwangu. Mzee, sogeza ua kidogo, pikapu ipite ibebe mageti yangu. Mzee, sogeza kidogo. Mume wangu akamwambia, mageti yako beba kichwani! Si mlikuwepo? Si mlicheka?"

Watu wakakubali kwamba walicheka.

"Aliomba, ndiyo," alisema Mama Maziwa. "Kuomba ndiyo kupiga mtu? Basi mimi nimekuomba chumvi miaka yote, ungeshakufa zamani!"

Kicheko kikawatoka watu wawili watatu. Inspekta akaona hapo ndipo pa kuingilia.

"Mama," alimwambia Bi Saa, "Mzee alikuwa amesafiri, sivyo?"

"Alikwenda kwa dada yake Jumatatu, mwanangu. Alikuwa arudi Ijumaa."

"Mbona akarudi Jumatano?"

Bi Saa akasita. "Walikosana."

"Kwa jambo gani?"

"Kuku."

"Kuku?"

"Dada mtu alimpa shingo. Mume wangu akasema hawezi kupewa shingo na mdogo wake aliyemlea yeye mwenyewe. Akapanda basi la usiku, akarudi."

"Nani alijua anarudi?"

"Hakuna. Hata mimi walipokuja kuniambia yuko kichochoroni nilibisha. Niliwaambia huyo si wangu, wangu yuko kwa dada yake."

Inspekta akaitika kwa kichwa. Akamwashiria Koplo, wakaingia kichochoroni.

Upande wa kwa Mama Maziwa palikuwa na ukuta wa mabati. Upande wa Mzee Saa palikuwa na ua wa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani visivyo na majani ambayo watu wa huko wameitumia kuzungushia viwanja tangu enzi za babu zao. Kutoka barabarani mpaka katikati ya kichochoro, ua ulikuwa umehamishwa. Minyaa ya zamani ilikuwa imekatwa, visiki vikang'olewa, mashimo yakafukiwa na kukanyagwa, na safu mpya ikapandwa ndani ya kiwanja cha Mzee Saa, kama upana wa kitanda. Kutoka katikati kwenda nyuma, ua wa zamani ulikuwa bado umesimama. Kazi ilikatizwa.

"Hapa ndipo alipolala," alisema Koplo. "Mzee amerudi alfajiri, amemkuta mtu anahamisha ua wake, wakavutana, akapigwa. Sepetu ilikuwa hapa, mpini una damu. Ni sepetu ya Mzee mwenyewe, ilikuwa inakaa nje ya nyumba. Mtu yeyote angeichukua."

"Na ukamfikiaje Fundi Geti?"

Koplo akajiweka sawa. Alikuwa amelisubiri swali hili.

"Mimi nimezaliwa kwenye minyaa, afande. Ukiikata inatoa utomvu mweupe, na ukikuingia machoni ni kama umepakwa pilipili. Anayehamisha ua wote huu gizani lazima umrukie. Kwa hiyo nilipofika niliuliza kitu kimoja tu: nani ana macho mekundu? Nikamkuta Fundi Geti kitandani, kitambaa chenye maji usoni, macho kama nyanya."

"Alisemaje?"

"Kwamba ni mwanga wa kuchomelea. Hilo angelisema yeyote."

"Umefikiri vizuri," alisema Inspekta. Akachuchumaa, akakisukuma kijiti kimoja cha safu mpya kwa kidole. Kikaanguka. Akasukuma cha pili, nacho kikalala. Shina lilikuwa limelainika na kuwa jeusi, linanuka. Udongo uliozunguka ulikuwa bado na unyevu.

"Mvua imenyesha lini?"

"Haijanyesha, afande."

"Basi aliimwagilia." Akajifuta kidole kwenye majani. "Kama mchicha. Mshushe Fundi."

Fundi Geti alishuka akijinyoosha. Alikuwa kijana mpana wa mabega, na shingo yake ilikuwa imeungua mahali kola ya shati inapoachana, ngozi inabanduka.

"Nitazame," alisema Inspekta.

Akamtazama. Macho yalikuwa meupe, safi.

"Yamepona lini?"

"Juzi yalikuwa yameanza kutulia. Jana nimeamka naona mpaka kunguni wa mahabusu, afande. Kioo cha miwani yangu kilipasuka Jumanne, nami nilikuwa nataka kumaliza geti la shule. Ule mwanga ukikupiga, usiku unalia kama umefiwa. Halafu unaisha wenyewe."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Wewe uliyezaliwa kwenye minyaa, utomvu umewahi kukuingia machoni?"

"Nikiwa mdogo."

"Uliumwa kwa muda gani?"

"Karibu wiki nzima. Mama alikuwa ananishika mkono hata kwenda..." Koplo akamtazama Fundi Geti machoni, akayatazama tena, kisha akatazama viatu vyake.

"Mfungue pingu. Nipatie na panga."

Mama Maziwa alipoona mwanawe anapewa panga na polisi, alishika kichwa. "Afande, wanataka kumtegeshea nini tena mwanangu?"

"Tulia, mama. Fundi, nikatie tawi moja la mnyaa."

Fundi Geti hakuuliza kwa nini. Alitazama upepo unavyopeperusha vumbi, akazunguka akaupa mgongo, akageuza uso pembeni, akakata mara moja. Kabla utomvu haujaanza kudondoka alishachota udongo mkavu na kuuziba mdomo wa tawi. Alifanya vyote hivyo huku akimwambia mama yake aache kulia.

"Nikilipanda sasa hivi?" aliuliza Inspekta.

"Sasa hivi? Litaoza. Unaliweka kivulini kwanza, kidonda kikauke, ndipo unapanda. Na maji usilipe."

"Nani anajua hilo?"

"Kila mtu, afande." Akafikiri. "Kila mtu wa huku."

Inspekta akalichukua tawi kwa kuzungushia gazeti kwenye kikonyo, akalishika mkononi kama mtu anayepeleka maua kwa mgonjwa.

Bombani, hatua chache tu kutoka hapo, alikuwa amekaa mwanamke mnene juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ndoo yake nyingine ilishajaa zamani, maji yanamwagika, naye hana habari. Watu walimwita Bi Gazeti. Kwenye jalada lote Inspekta hakuona maelezo yake hata mstari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nasema, hawa polisi wana nini na mimi, wanahoji kila mtu, mimi wananipita kama mti?"

"Leo nimekufikia. Jumatano asubuhi ulikuwa hapa?"

"Mimi niko hapa kila asubuhi. Maji yakitoka niko, yasipotoka niko nauliza kwa nini hayajatoka."

"Uliona mtu mgeni?"

"Mtu, au gari?"

"Gari lipi?"

Bi Gazeti akavuta ndoo yake karibu, kama kuna anayetaka kumwibia maneno. "Gari jeupe. Watu ndio kwanza wametoka kumpakia Mzee kwenda hospitali, likaja, akashuka mama mmoja na viatu virefu vinazama kwenye vumbi, masikini. Akaniuliza, shamba linalouzwa la huyu mzee wa saa ni la nyuma huko? Nikamwambia Mzee Saa hauzi shamba, hata ukimpa ndege. Akasema, aah, nimeambiwa linauzwa na njia ya gari imeshapatikana. Nikamwambia mama, hapa pana damu, rudi zako. Akarudi."

"Aliambiwa na nani?"

"Hilo sikumuuliza." Aliona aibu kabisa. "Nilikuwa nimechanganyikiwa siku hiyo."

"Mbona hukumwambia Koplo?"

"Koplo aliuliza nani kampiga Mzee. Hakuuliza nani amekuja."

Koplo akakohoa. Bi Gazeti hakumjali. Alishafika kwenye habari nyingine.

"Lakini nikwambie, mwanangu, katika msiba huu aliyenigusa ni mkwe wao. Yule aliyemwoa binti yao, wa mjini. Walikuja na mkewe Jumatatu kumpa kampani mama mtu, Mzee akiwa safarini. Kijana amelia! Amelia mpaka macho yamevimba, anavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Mkwe wa namna hiyo utampata wapi? Wangu mimi hata mafua hajawahi kuniulizia."

"Macho yamevimba tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Mpaka leo."

Inspekta alishukuru, akamfungia bomba.

Nyumba ya Mzee Saa ilikuwa imejaa. Ndugu walikuwa wamekaa mpaka kwenye magunia ya mahindi, saa mbovu za ukutani zinawatazama kutoka kila upande, kila moja na saa yake. Nje, kando ya jiko, binti wa Bi Saa alikuwa akifua. Alikuwa analisugua shati la kiume la rangi ya krimu, lenye kola ngumu.

"Pole kwa mgonjwa, dada."

"Ahsante, afande. Tumeshapoa."

"Hilo shati linakusumbua."

"Hata sielewi. Nimelifua, nimeliloweka, halitoki." Akalinyanyua. Kifuani na kwenye mikono lilikuwa na madoa madogo ya kahawia, kama mtu aliyerushiwa chai kwa vidole; mengine yaliganda kama gundi. "Mume wangu anasema ni mafuta ya gari."

"Ana gari?"

"Hana."

Aliposema hivyo mkono wake ulisimama juu ya shati. Alilitazama, akamtazama Inspekta, akatazama tawi mikononi mwake.

"Alilivaa lini?"

Binti hakudanganya. "Usiku wa kuamkia Jumatano. Niliamka alfajiri sikumkuta. Aliporudi alisema alikwenda chooni, tumbo linamsumbua."

Inspekta akamwomba shati. Akampa Koplo, wakaingia ndani.

Mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi la Mzee mwenyewe, miwani nyeusi usoni, akipewa pole na shangazi mmoja. Alinyanyuka kwa heshima. Bi Saa, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye ugomvi na sauti imemkauka, alimshika mkono akamkalisha.

"Kaa, baba. Huyu ni afande mpya, anataka kutusaidia."

"Maswali machache tu," alisema Inspekta. "Mkwe, wewe ni mtu wa hapa?"

"Hapana, afande. Mimi nimezaliwa mjini katikati, nimekulia kwenye lami. Huku nakuja kuwasalimia wazee tu."

"Shamba la nyuma unalijua?"

"Nimelisikia."

"Ua wa kichochoroni?"

"Miti ya huku mimi siijui hata majina. Yote naona ni majani."

"Vizuri. Basi nishikie hili kidogo, nitoe kalamu."

Akalifungua gazeti, akampa tawi. Udongo ulikuwa umedondoka, na kwenye kikonyo tone jeupe lilikuwa limeanza kuning'inia. Mkwe alinyanyuka, akarudi nyuma mpaka kochi likagonga ukuta. Mikono yote miwili ilikuwa mgongoni.

Shangazi akasogea kando.

"Shika tu," alisema Inspekta. "Ni majani."

"Hapana. Hayo maji yake..."

"Yana nini?"

"Yanaunguza."

"Nani amekwambia?"

Bi Saa alimwangalia mkwewe, kisha akanyoosha mkono, akamvua miwani taratibu kama anavyovuliwa mtoto aliyelala nayo. Kope zilikuwa zimevimba na kugandamana, na chini ya jicho la kushoto kulikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Machozi hayachubui ngozi, mama," alisema Inspekta kwa upole. Akamgeukia mkwe. "Mnunuzi uliyemwahidi shamba la mkweo alifika Jumatano na gari jeupe. Shati lako analo Koplo. Ulitaka njia ya gari ionekane kabla mama yule hajafika, Mzee akiwa bado kwa dada yake. Akirudi Ijumaa akiuliza, watu wote wangesema ni Fundi Geti, maana ndiye anayeomba kila wiki. Uliikata mibichi, ukaipanda hapohapo, na ukaimwagilia maji. Hakuna mtu wa huku ambaye angefanya hivyo hata akiwa mlevi."

Mkwe alikaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Sikujua ni yeye. Nilikuwa sioni, macho yanawaka. Nikasikia mtu nyuma yangu. Nilidhani ni mwizi."

"Mwizi wa nini? Mwenye sepetu ni wewe."

Mlangoni binti alikuwa amesimama, mikono ina povu. Hakupiga kelele. Alimuuliza mumewe jambo moja: "Na ukaniacha nikufulie?"

Koplo ndiye aliyemfunga pingu, zilezile za Fundi Geti, na alifanya hivyo bila kumtazama mtu usoni. Walipokuwa wanatoka, Bi Saa aliwafuata mpaka uani.

"Ulinishika mkono hospitali," alimwambia mkwewe. "Ulinishika mkono huu hapa."

Gari likaondoka na vumbi lake. Inspekta alibaki nyuma kuandika maelezo ya binti na ya Bi Gazeti, ambayo yalikuwa marefu kuliko ya wengine wote kwa pamoja. Wakati anaandika, nyumba ilianza kupungua. Shangazi akakumbuka ameacha mlango wazi kwake. Wajomba wakasema wanakwenda kuwahi basi. Waliokuwa wakimsifu mkwe tangu Jumatano waliondoka mmojammoja bila kuaga vizuri, na kabla jua halijafika utosini uani walibaki mama na bintiye tu, na beseni la nguo ambalo hakuna aliyelitaka.

Jirani, moshi ulikuwa unafuka. Kicheko cha Fundi Geti kilisikika, na sauti ya mama yake ikimwamuru aoge kwanza, asilete kunguni wa serikali ndani ya nyumba.

Bi Saa alijitanda khanga, akaufungua mlango wa uani. Alivuka kichochoro, bintiye nyuma yake, Inspekta nyuma zaidi na kalamu yake. Alipofika kizingitini kwa Mama Maziwa alisimama. Alifungua mdomo. Maneno yaliyomtoka kwa wingi asubuhi yote, sasa hata moja halikuja.

Mama Maziwa alitokea na mwiko mkononi. Akamtazama jirani yake kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Uliniita mama wa muuaji," alisema. "Mbele ya Bi Gazeti! Unajua hiyo itafika wapi?"

"Najua."

"Mimi nawe bado hatujamalizana, nakuambia mapema."

"Najua, jirani."

"Basi usisimame mlangoni kama mwenye kuhesabu wageni." Akasogea pembeni, akawaachia nafasi, akampigia kelele mwanawe alete maji ya kunawa. "Wewe binti, ingia, usilie kwenye jua. Afande, nawe. Mgonjwa wenu atapelekewa uji wake jioni, nimeshautenga. Na wewe Bi Saa, ingia ule, ugomvi wetu una nguvu, hatuuwezi na njaa."